Koti la Sikukuu na Chai ya Kivulini

Njeri mwenzenu ameniomba mara tatu niwaandikie nyinyi waonjaji wa chai jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu, na mara tatu nimemjibu kwamba hakuna cha kuandika. Mtu aliyekunywa chai na kuitema kwa zaidi ya miaka thelathini ana kumbukumbu gani za maana? Lakini juma lililopita alikuja kwangu Hounslow, tukaonja chai moja pamoja, na tangu alipoondoka sijatulia. Basi naandika, na naandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu chote cha kazini nilikimaliza kwenye ripoti, na moja ya ripoti hizo ndiyo inayonifanya mpaka leo nisijipende. Wasiojua Kiswahili, Njeri atawasomea.

Habari za vyeo na mishahara nitazipita. Vilichelewa kuja, vikawahi kuondoka, kama jua la mji huu.

Tulifika London mimi na mama yangu miaka michache baada ya Mapinduzi, na masanduku mawili na chetezo. Chetezo ni kile chombo cha kufukizia udi, vile vipande vya mti wa kunukia. Mama yangu, ambaye kila mtu alimwita Bimkubwa, aliiacha nyumba yetu Unguja na vyombo vyake vyote, lakini chetezo alikifunga ndani ya kanga akakipakata njia nzima. Mara ya kwanza alipokiwasha, mwenye nyumba alipanda ngazi mbio akidhani tunaungua. Bimkubwa alimkaribisha, akamfukiza koti lake, naye akashuka ananuka kama bwana harusi. Hakuja tena kulalamika, ila kodi alipandisha.

Kazi nilianza kwenye ghala la chai kule Hayes, upande wa kufungasha. Siku ya kwanza nilipewa mkasi, utepe na onyo la kutoongea. Nilipofungua sanduku la tatu nikasema, kwa Kiswahili, nikijisemea tu, kwamba hili limelala na sabuni. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akipita na karatasi zake akasimama. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu, sabuni gani. Nikamwambia ya kufulia, ya mche. Walipofuatilia wakakuta lile sanduku lilisafiri karibu na shehena ya sabuni. Kesho yake nilihamishiwa chumba cha kuonjea.

Huyo ndiye Bwana Kanti, mwonjaji mkuu, aliyezaliwa mitaa miwili kutoka kwetu. Nyinyi mlimkuta kwenye picha ya ukutani tu. Alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Hakuna kitunguu siku ya kazi, hakuna dawa ya meno yenye mnanaa kabla ya saa sita, hakuna marashi, hakuna mafuta ya nywele yanayonukia. Chai, aliniambia, haina adabu. Inachukua harufu ya kila aliyekaa jirani nayo. Alinifundisha kupima majani kwenye mizani ndogo, kumimina maji, kungoja, kisha kuvuta fundo kwa kishindo mpaka liguse nyuma ya pua, na kutema. Kuvuta kwa kishindo kulinichukua mwezi mzima, maana Bimkubwa alinilea kunywa bila sauti. Kutema nilijua.

Mwezi wa Ramadhani ulinitia shaka. Nilimwuliza sheikh wetu, akasema mwenye haja ya kazi aonje na ateme, asimeze. Bwana Kanti, ambaye hakuwa Mwislamu, alikuwa na wasiwasi kuliko sheikh. Mwezi huo wote alinisimamia kama mkaguzi, na nikichelewa kutema tu, anakohoa.

Sharti la mwisho ndilo lililohusu nyumba yangu. Bwana Kanti aliijua nyumba ya Kiunguja ilivyo, kwa hiyo hakuniomba nimkataze mama yangu kufukiza. Aliniambia niwe na nguo za kazi peke yake, nizifunge kwenye mfuko wa nailoni, nizivae mlangoni ninapotoka. Koti jeupe la kazini lifuliwe kule kule ghalani. Nilifanya hivyo miaka mingi. Bimkubwa aliona ni kichaa. Mwanamke anatoka nyumbani hanuki kitu, kama chupa iliyooshwa.

Sasa niwaelezee chai yenyewe, maana hamkuionja, na wengi wenu mnaijua ya kijani ile ya unga inayochanganywa na maziwa kwenye gilasi ya karatasi. Simlaumu mtu kwa anachokipenda. Lakini kuna chai ya Kijapani inaitwa gyokuro, inayolimwa kivulini. Chai nyingine zote mkulima anaziombea jua. Hii, siku ishirini hivi kabla ya kuchumwa, anainyima. Jua ndilo linalolitia jani ukali na uchungu. Ukilifunika, jani linajitanua kutafuta mwanga, linakuwa jembamba, laini, la kijani cha kuiva mno, na utamu uliopanda kutoka mizizini unabaki humo humo. Si utamu wa sukari. Mara ya kwanza Bwana Kanti aliponipa, kwa maji ya vuguvugu tu na kidogo kama dawa ya mtoto, nilisema ni supu ya pweza iliyopita karibu na mwani. Nilidhani atanicheka. Akaandika maneno yangu kwenye daftari lake kama yalivyo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini alinichukua Japani tukawaone wanaotuuzia. Mmoja wao ndiye Mzee Morita, mkulima mwenye shamba dogo la mteremkoni, yeye na mkewe. Wenzake wote walikwisha hamia vitambaa vyeusi vya nailoni. Yeye alijenga kichanja cha mianzi juu ya shamba zima, akatandaza mikeka ya matete, na siku kumi baadaye mkewe akapanda juu na kumwaga mabua ya mpunga juu ya mikeka, kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka chini kukawa giza la jioni. Bibi yule alikuwa na umri wa Bimkubwa. Nilisimama chini namtazama nyayo zake juu ya mianzi, na mabua yananidondokea kichwani. Sijapata kuona watu wanaifanyia kazi chai namna ile, na niliwapenda.

Kabla ya kutuingiza kwenye chumba cha majani, Mzee Morita alitwambia kwa mkalimani tuvue makoti yetu. Akayatundika nje, kwenye msumari, akatupa ya pamba ya kwake. Niliona ni adabu nzuri, nikamsifu. Basi, ndivyo nilivyolichukua, kama adabu.

Miaka mitatu au minne chai yake iliingia kwetu kila kiangazi, na kila mwaka nilikuwa wa kwanza kuionja. Kulikuwa na wakala aliyenunua mavuno yote ya Mzee kwa sababu ya neno letu. Sisi tukisema ndiyo, anachukua yote. Tukisema hapana, Mzee hana pengine pa kuipeleka kwa hadhi ile.

Mwaka ule Bwana Kanti alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, nikaachiwa chumba. Mashine ya kufulia ya ghalani ikaharibika, nami nikalibeba koti jeupe nyumbani nikalifua mwenyewe, nikalianika bafuni. Ilikuwa kuamkia Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Asubuhi yake ilikuwa siku ya kazi, na sampuli ya Mzee Morita ilikwisha fika. Tuliswali, tukapeana mikono ya Idi, nikabadili nguo mlangoni kama kawaida. Bimkubwa akaniletea koti limekunjwa vizuri. Akaniambia, "Sikukuu leo, mwanangu. Usende kwa watu mtupu." Mimi nilidhani anazungumzia tumbo, maana alinitilia na halua mfukoni. Nikambusu mkono, nikakimbilia basi.

Nyumba yote ilikuwa imejaa udi tangu jana yake. Pua yangu ilikwisha uzoea, haikunisimulia kitu. Kwa yule asiyejua, pua ndivyo ilivyo: harufu ya kwenu huisikii. Halua nilimpa dereva.

Ghalani nililivaa lile koti. Nikateremka stoo, nikagawa sampuli mara mbili kama utaratibu unavyotaka. Nusu moja nikaifungia kwenye kopo la akiba, nikazungushia utepe, nikaandika jina. Nusu ya pili nikaitia kwenye pakiti ya karatasi, pakiti nikaitia mfuko wa koti, nikapanda nayo ngazi. Njiani nikasimamishwa na watu wa forodha kwa simu iliyochukua karibu saa nzima. Muda wote ule mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika.

Nilipoonja nikasikia mwani, nikasikia utamu wa mchuzi, na nyuma yake, mwembamba, moshi wa mti. Nikasuuza mdomo, nikarudia. Moshi. Nikabadili maji, nikabadili kikombe, nikarudia kutoka pakiti ile ile. Moshi. Nikakumbuka kwamba Mzee alikuwa na meza ya kusugulia majani inayopashwa moto na mkaa. Nikasema uzee umemfikia, mkaa umemshinda. Niliona huruma, na nitasema kweli, niliona na fahari, kwa kuwa Bwana Kanti hayupo na mimi nimelikamata peke yangu. Nikaandika kwa Kiingereza kizuri: chai imeingiwa na moshi, haifai.

Siku chache baadaye ikaja faksi. Wakala alikuwa ametafsiri maneno ya mkulima, mistari miwili. "Mwaka huu hatukuwasha mkaa kabisa, mke wangu anaumwa kifua. Tafadhali onjeni tena."

Kopo la akiba lilikwisha pandishwa kutoka stoo, liko kwenye rafu, hatua nne kutoka kitini pangu. Kazi yake ni hiyo tu, ndiyo maana linaitwa la akiba. Sikulifungua. Nilikuwa nimekwisha onja mara tatu, na mimi ndiye niliyeijua sabuni kwa kunusa sanduku. Nikajibu kwamba uamuzi unabaki. Wakala akanunua kwingine.

Bwana Kanti alirudi karibu na mwaka mpya, amekonda, anapumzika kila ngazi ya tatu. Alisoma ripoti zangu zote. Alipofika kwa ile akanyanyuka, akateremsha kopo, akakata utepe, akapima, akamimina. Alivuta fundo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutema. Alimeza. Akanisogezea kikombe. Ilikuwa safi kama siku ilipotoka kwao.

Akaondoka akaenda kwenye msumari wa makoti. Koti langu lilikuwa limekwisha fuliwa ghalani mara nyingi tangu kiangazi, lakini mfuko wake una pindo nene. Akaligeuza pindo, akanusa muda mrefu.

"Zuhura," aliniuliza, "nani alokufulia koti hili?"

"Mwenyewe."

"Na nani alokukunjia?"

Wengine ningehitaji kuwaeleza, lakini yeye alizaliwa mitaa miwili kutoka kwetu. Alijua mama wa Kiunguja anafanya nini na nguo kuamkia sikukuu. Anaitandaza juu ya tenga, chetezo chini, anafunika, anangoja. Hata koti la ghala. Hasa koti la ghala, kama ndilo mwanawe anaendea kwa watu.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alisema Mzee Morita anaanza kujenga kichanja Machi, na mtu asiye na mnunuzi hajengi kichanja, kwa hiyo niandike sasa hivi, niseme kosa ni letu na chai yake yote ijayo tunaitaka. "Andika leo," alisema. "Mimi nikiandika nitakuwa nakuficha. Andika wewe."

Hapa ndipo mnaponikuta nilivyo. Nilirudi nyumbani kumwuliza Bimkubwa. Alikuwa akipiga pasi. Nilimwuliza tu kama aliwahi kulifukiza koti langu jeupe. Uso ukamchangamka. Alidhani nimeambiwa ninanukia. Akasema, "Ulilisikia? Nililitilia udi ule wa mwisho mwisho, alonipa marehemu baba yako." Nikamwambia nililisikia, na kwamba lilinukia vizuri. Akafurahi siku nzima.

Basi kila nilipokaa kuandika barua, nilifika pale pale. Ningesema nini? Kwamba mama yangu alitia harufu? Niliandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya vifaa, nikachana. Niliandika kwamba kopo liligunduliwa baadaye, nikachana. Kweli ilikuwa fupi, lakini ndani yake alikuwemo Bimkubwa, na udi wa baba, na mimi niliyeombwa nionje tena nikakataa. Bwana Kanti aliniuliza mara moja, Februari, kama nimepeleka. Nikasema ndiyo. Ni uongo pekee niliopata kumwambia. Yeye akaniamini, akarudi hospitali, na huko hakutoka tena.

Barua niliipeleka Mei, yote ilivyo, na mama yangu ndani. Jibu la wakala lilikuja Julai. Mzee alingoja hadi mwisho wa Machi. Mianzi alikwisha inunua. Pasipokuwa na mnunuzi, na mkewe akiwa kitandani, akaita mashine, wakang'oa miti yote ya chai. Miti ile ilipandwa na babu yake. Wakala hakunilaumu; aliandika kwamba barua yangu imesomwa kwa Mzee na ameshukuru. Neno hilo, ameshukuru, nimekaa nalo miaka yote. Natamani angenitukana.

Hamkuniona nikilia kazini, na sikulia. Nilionja chai nyingine maelfu, nikawafundisha nyinyi masharti yote ya Bwana Kanti, na mlinung'unika kwa habari ya mnanaa. Koti halikutoka tena ghalani. Nilimwambia Bimkubwa asiguse chochote changu, nikamwambia kwa ukali, wala sikumpa sababu. Alisema siku hizi nanuka hospitali. Alipofariki alikuwa bado hajui, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kulihesabu. Lakini alikufa akidhani mwanawe anaionea haya harufu ya kwao.

Lile kopo la akiba nililichukua. Lilikuwa na vijiko vitatu au vinne vilivyobaki. Sikuweza kulitupa, kwa kuwa hakuna tena mahali duniani pa kupata majani yale, wala sikuweza kuliona. Nikalizungushia utepe mpya, nikalifukia chini kabisa ya sanduku la Bimkubwa, ndani ya kanga zake alizozifukiza miaka yote. Na mimi ndiye mwonjaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia chai haina adabu.

Juma lililopita Njeri akaja kutoka Peckham na keki ya kustaafu niliyoikimbia kule kazini. Aliniuliza chai gani bora niliyopata kuonja. Sijui kilichonipata. Nikaenda sandukuni, nikafunua kanga, nikatoa kopo. Utepe ulikuwa umekauka, ukaanguka wenyewe. Sikumwambia ni chai ya nani. Nilijua imezeeka, kijani kimegeuka udongo, lakini nilitaka mtu mmoja mwingine apate hata kivuli cha mchuzi ule kabla sijafa. Nikapima kwa mkono. Nikapoza maji. Nikamimina.

Mimi nilionja kwanza, nikasikia majani makuukuu, basi. Nikamsogezea. Njeri akavuta kwa kishindo kama nilivyomfunza, akafumba macho, akatema kwenye sinki, akarudia mara ya pili.

"Auntie, sorry," alisema, "hii iko na moshi. Kama wa mti hivi. Me ningei-reject."

Nikamwambia ameonja sawasawa. Alipoondoka nikakaa na kikombe changu, nikakinusa tena na tena, na mimi sikusikia kitu.